Ndumakuwili Mlangoni: Siasa Inapoingia Katika Nyumba Iliyovunjika

Mwaka huu mlezi wa Chama cha Kiswahili alinipa kazi ya kuandika somo fupi juu ya unafiki wa wanasiasa katika fasihi, liwafae hasa wenzetu wa Kidato cha Tatu wanaoanza kukipitia kitabu cha Nguu za Jadi. Nilikubali mbiombio nikidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe! Nimeirarua karatasi mara nne, na sababu utaiona huko mbele.

Tuanze na maneno yenyewe, maana wengi wetu huyachanganya katika mtihani. Unafiki ni kuonyesha moja na kuficha jingine: mtu anahubiri maji huku anakunywa mvinyo. Ulaghai ni kumvuta mwenzako kwa maneno matamu hadi atende jambo linalokufaa wewe, naye akidhani linamfaa yeye. Mnafiki aweza kukaa kwake na unafiki wake asimdhuru mtu. Lakini ulaghai lazima upate mtu wa kulaghaiwa, na hapo ndipo nyumba iliyovunjika inapoingia katika somo hili. Waswahili wana neno linaloyabeba yote mawili: ndumakuwili. Huyu ni nyoka ambaye husemekana ana vichwa viwili, kimoja kila upande, hujui aendako wala atokako. Mtu mwenye ndimi mbili huitwa hivyo hivyo.

Sasa tutazame tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Kitabu hiki kilikuwa cha lazima katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, kwa hivyo sisi wa leo hatutahiniwi, lakini nakala zake zimejaa pale maktabani na chama chetu kiliigiza maonyesho mawili muhula wa pili. Mimi nilikuwa Ashua. Yaani usione nasema sana, nimevaa viatu vyake.

Angalia majina kwanza. Mbinu hii tunaiita majazi, na mwandishi ameitumia kwelikweli. Kigogo ni gogo dogo na pia ni mkubwa wa nchi. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, ni nyoka tena wakubwa. Mshauri wake ni Kenga, na kukenga katika Kiswahili cha pwani ni kuhadaa. Mke wa Majoka ni Husda, ambalo halina budi kukukumbusha husuda. Mwanafunzi akiyaona majina haya tu, kabla hata ya kufungua pazia, amekwisha kujua kwamba katika nyumba ile ya mtawala hakuna mahali pa kuegemea mgongo.

Kisa ni hiki. Majoka amelifunga Soko la Chapakazi. Sudi ni mchongaji, kazi yake na ya wenzake Boza na Kombe iko hapo hapo. Serikali inataka Sudi achonge kinyago cha shujaa wa Sagamoyo kwa ajili ya sherehe za uhuru, na shujaa huyo ni wa ukoo wa Majoka mwenyewe. Sudi anakataa. Anajaribiwa kwa ahadi, anakataa. Anajaribiwa kwa keki, anakataa. Basi wakubwa wanageuka, wanamwacha Sudi, wanamtazama mkewe.

Hapo ndipo pa kuweka kidole, msomaji. Njaa ya nyumba ya Sudi haikutoka mbinguni. Soko lilifungwa na mtu, na mtu huyo huyo ndiye sasa mwenye chakula. Ashua anakwenda ofisini kwake kuomba cha kuwalisha watoto. Husda anaingia, wanawake wawili wanavurugana, Ashua anatiwa ndani. Ukisoma haraka utaona ni ugomvi wa wivu. Ukisoma polepole utaona kwamba Ashua amekuwa rehani: mume achonge, mke atoke. Na Sudi anapokwenda kumtazama korokoroni, mkewe anamwambia amechoka na ufukara na anaomba talaka.

Tulipofika hapo katika mazoezi ya mchezo, palizuka mjadala uliochukua karibu saa nzima hadi kengele ya chakula ikalia. Wavulana walisema Ashua ni msaliti. Mmoja, sitamtaja, alisema mwanamke kama yule angekuwa wao huku Migwani angerudishwa kwa wazazi wake siku hiyo hiyo. Wasichana wengine walisema Sudi ndiye mbaya, anapenda siasa kuliko watoto. Mwalimu alituacha tupigane maneno, kisha akauliza swali moja tu: "Na Majoka yuko wapi katika mazungumzo haya yenu?" Tukanyamaza. Dakika arobaini za kulaumiana mume na mke, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja aliyewafunga. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sisi wenyewe tulikuwa tumegeuka panzi.

Kwa hivyo, wewe wa Kidato cha Tatu, ukiulizwa swali la namna hii usikimbilie kumpa Ashua sifa moja ya usaliti ukafunga karatasi. Ashua ni mwanamke aliyesoma, ana akili zake, na ofisini kwa Majoka hakwenda kuuza mume. Ametiwa mahali ambapo kila njia ya kutokea inapitia katika kumvunja mumewe. Mtu anaweza kusema maneno yanayomfaa adui na bado yakawa ni maneno yake ya kweli: kweli amechoka, kweli watoto wana njaa. Mlaghai hodari hahitaji kukufundisha uongo. Anakutafutia ukweli wako unaouma, anaukandamiza pale pale.

Vilevile usimsahau Boza. Yeye hakufungiwa mke. Mkewe, Asiya, ndiye aliyepata kazi ya kuoka keki ya sherehe, basi Boza anaimba nyimbo za Majoka na kumwona Sudi kuwa mkaidi bure. Nyumba moja inashikwa kwa njaa, ya pili kwa keki. Na nyumba ya Majoka mwenyewe? Ndoa yake na Husda haina upendo hata wa dawa, na mwana wao, Ngao Junior, anakufa. Mtu anayetaka kuitwa baba wa Sagamoyo nzima amemzika wake. Huo ndio unafiki ambao mwandishi hakuhitaji kuusema kwa mdomo, ameuweka tu jukwaani.

Sasa nieleze kwa nini karatasi zilirarukararuka.

Baba na mama yangu waliachana mwaka 2019. Sababu zake si somo la leo. Baba alibaki Mombasa, mama akaendelea na biashara yake ndogo ya ndengu na mbaazi hapa Kitui, nasi watoto tukakaa naye. Mwaka 2022, nilipokuwa Kidato cha Kwanza, kampeni zilikuwa zimepamba moto na karo yangu ilikuwa haijalipwa. Mvua nazo zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu, mnakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakichimba mchanga mtoni mpaka shingoni kutafuta maji. Jioni moja akaja wakala wa mgombea mmoja na fomu ya basari. Kijana mpole, anasalimu kwa mikono miwili, anamwita mama "mwaitu" kama mtoto wake wa kuzaa. Akamwambia: hapa penye baba, andika marehemu. Yatima hupewa kwanza.

Mama alikaa na ile fomu siku mbili chini ya godoro. Siku ya tatu aliandika.

Wiki hazikupita nyingi, kijana yule yule akafika kwa susu, mama mzazi wa baba yangu, upande wa pili wa mto. Huko hakuja na fomu. Alikuja na habari: "Mke wenu amemzika mwana wenu angali hai, na waliomfundisha hivyo ni watu wa upande ule mwingine wa siasa." Unaona? Kichwa kimoja mlangoni kwetu, kichwa kingine mlangoni kwa susu, nyoka ni yule yule. Baba alipiga simu usiku. Sikuyasikia maneno yote, lakini nilimsikia mama akisema mara tatu, "Si mimi." Na ilikuwa ni yeye, kwa mkono wake. Sijui kama kuna jambo lililoniumiza kuliko kumsikia mama akisema uongo ambao hakuutunga.

Baadaye ukafanyika mkutano uwanjani. Mgombea akapanda juu ya gari, akahubiri kwamba familia ndiyo nguzo ya taifa, kwamba Ukambani imeharibika kwa sababu nyumba zetu zimeharibika, akatoa leso akafuta macho. Kisha akamwita mama na baba mdogo wangu mbele ya watu wapeane mikono. Wakapeana. Watu wakapiga makofi, picha zikapigwa. Kura za pande zote mbili za mto, naambiwa, zilikwenda kwake. Basari haikuja.

Nimeandika kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho vitabu vya mwongozo havikielezi vizuri. Hivyo vitakuambia: unafiki, halafu mfano, halafu ukurasa. Lakini tazama jinsi ulivyotembea kwetu. Kwanza ilibidi pawe na ufa: wazazi wawili wasiosemezana. Kama baba na mama wangekuwa wanaongea, hata kwa simu, hata kwa kugombana, yule kijana angekuwa amekamatwa siku ya pili. Alifanikiwa kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki daraja pekee kati ya nyumba mbili, na kila aliyevuka alivuka juu yake. Pili, alimpa kila mmoja siri, na mwenye siri huona haya kuuliza. Tatu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia kwa ujanja wake, aliyevunja ndiye aliyekuja kupatanisha hadharani. Akatuzwa kwa kuzima moto aliouwasha.

Ukishaona hivyo, utamsoma Mrima wa Nguu za Jadi kwa macho mengine. Mrima ni mume wa Mangwasha. Sagilu, mtu wa karibu wa Mtemi Lesulia, anamvuta kwa fedha na pombe hadi anaitelekeza nyumba yake. Wengi darasani humcheka Mrima kuwa mlevi tu, mjinga. Lakini jiulize mbona Sagilu apoteze fedha zake kwa mlevi. Mangwasha ndiye mwenye msimamo, na mwanamke mwenye msimamo ni vigumu kumgusa mbele za watu. Rahisi ni kumwondoa mume, umwachie mzigo wa watoto na masimango ya majirani, aone kama atakuwa na nguvu ya kufanya siasa. Clara Momanyi amegeuza upande wa kitambaa kile kile cha Kigogo: kule mke anatumiwa kumvunja mume, huku mume anatumiwa kumvunja mke.

Na wale waliosoma Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora, kilichotahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017, watamkumbuka Mtemi Nasaba Bora. Jina gani hilo! Nasaba bora, naye amemzalisha Lowela nje ya ndoa, kitoto kikatupwa mlangoni kwa Amani, kikapewa jina Uhuru. Kitoto kinapokufa, wanaokamatwa ni Amani na Imani waliokilea. Mtemi, baba mzazi, ametulia juu ya kiti chake. Kisha anamtaliki Bi. Zuhura kwa kumdhania uzinzi. Hapo sina la kuongeza, mwandishi amemaliza.

Sasa wapo watakaosema haya ni mambo ya vitabu na ya mawakala wadogo wa kijijini, wakubwa wenyewe hawana habari nayo. La hasha. Mwalimu wetu wa Historia alinionyesha jambo moja ambalo sikuwa nimelisikia maishani, na nadhani wengi wenu pia.

Mwaka 1959, kabla ya uhuru, ilitungwa sheria iliyompa mwanamke asiyeolewa haki ya kwenda mahakamani, akamtaja mwanamume aliyemzalisha, na korti ikithibitisha, mwanamume akatoa fedha za kumlea mtoto. Mwaka 1969, miaka sita tu baada ya uhuru, Bunge letu liliifuta. Hoja zilizotolewa ni kwamba sheria ile ni ya kizungu, haipatani na mila za Kiafrika, na kwamba inawafanya wasichana watafute mimba kama biashara. Ngoja kidogo hapo. Katika Bunge hilo hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Grace Onyango wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo, sheria ikiwa imekwisha kuzikwa. Na hiyo mila iliyotajwa? Mila za Wakamba zenyewe zilimdai mwanamume aliyempa msichana mimba alipe mifugo kwa jamaa ya msichana. Kwa hivyo waheshimiwa waliikataa sheria ya kizungu kwa jina la mila, na mila wakaiacha mlangoni walipotoka. (Na Bunge lenyewe, na suti, na vazi la Spika, vyote vimetoka Uingereza. Hilo halikumsumbua mtu.)

Kutoka hapo hadi Katiba ya 2010 ni miaka arobaini na mmoja. Kifungu cha 53 cha Katiba hiyo ndicho kilichosema wazi kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Hesabu mwenyewe watoto waliozaliwa na kukua katikati ya miaka hiyo. Hesabu ni harambee ngapi zilifanywa, ni wanasiasa wangapi walisimama wakachangia karo ya "watoto wetu hawa maskini", wakapigiwa vigelegele kwa kutoa kwa hiari shilingi ambazo sheria ingewadai akina baba kwa lazima. Sisemi kila mchangaji alikuwa mnafiki. Nasema mtoto aliyenyimwa haki yake huwa lazima aishi kwa hisani, na hisani ina mwenyewe, na mwenyewe hugombea kiti kila miaka mitano.

Hata juzi juzi tu, Machi 2014, mswada wa ndoa ulipokuwa Bungeni, wabunge wanaume walipitisha badiliko la kwamba mume anaweza kuoa mke mwingine bila ya kumwuliza aliye naye. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira. Rais alitia sahihi mwezi uliofuata, Aprili. Waliopitisha wengi wao ni wale wale ambao siku ya Jumapili hukaa viti vya mbele kanisani na kupewa nafasi ya "kusalimia waumini".

Hapa Kitui tuna la kujivunia, tusilisahau. Nyiva Mwendwa aliingia Bungeni mwaka 1974, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini. Lakini sikiliza jinsi watu wanavyowazungumzia wanawake wanaogombea viti hata leo, pale stendi ya matatu au Kalundu sokoni. Swali la kwanza si "atafanya nini?" Swali ni "ameolewa na nani, na kama hakuolewa, kwa nini?" Mwanamume anayegombea, mwenye watoto watatu mji mmoja na wawili mji mwingine, haulizwi hata jina la mkubwa wao. Wanaouliza maswali hayo si wanasiasa peke yao. Ni mama zetu na mjomba zetu. Mwanasiasa huyaokota tu na kuyapandisha jukwaani.

Kuna mwenzangu mmoja wa chama aliyeisoma rasimu hii akanipinga, na namshukuru. Alisema ninamfanya kila mtu kuwa kondoo na mwanasiasa kuwa chui. "Mama yako aliandika mwenyewe," alisema. "Baba yako aliamini mwenyewe. Na baba mdogo wako alipenda kupigwa picha." Nilikasirika siku nzima. Lakini ana haki, na hata Kigogo kinasema hivyo: Boza hakufungwa pingu na mtu. Nitamjibu hivi tu. Mama alidanganya kwenye karatasi akiwa na fomu mkononi na mtoto aliyefukuzwa shule mlangoni. Aliyempa kalamu hakuwa na mtoto wa kufukuzwa. Makosa yote mawili ni makosa, lakini usiniambie yana uzito mmoja.

Tukirudi kwenye mtihani, maana najua mwalimu atanikumbusha kwamba hili ni somo: ukipewa swali la unafiki wa viongozi, usitaje hotuba zao peke yake. Fuata kiongozi hadi nyumbani kwake, halafu mfuate hadi nyumbani kwa wengine. Tazama nani ana njaa na nani aliileta. Tazama nani anabeba maneno kati ya watu wawili wasiosemezana. Hapo utapata hoja zako, tena zenye mifano, na hutahitaji kukariri mwongozo wa mtu.

Mwaka huu, muhula wa kwanza, mwalimu wa darasa aligawa fomu za basari tena. Nilipeleka yangu nyumbani wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, nikaijaza mwenyewe juu ya meza ya jikoni. Penye jina la baba niliandika majina yake yote matatu. Penye kuuliza kama yu hai au amefariki, nikatia alama kwenye hai, na penye namba ya simu nikaandika ile ya Mombasa. Mama aliichukua akaisoma yote, mbele na nyuma. Akatia sahihi yake. Kisha akaniuliza kama nina kalamu nyingine, kwa kuwa hiyo ilikuwa inaishiwa na wino na bado fomu ya mdogo wangu haijajazwa.